Nywila Mbili za Rauta Moja

Msimu wa ufuta ukishika kasi mkoani Lindi, ofisi za vyama vya msingi vya ushirika hazina nafasi hata ya kukaa. Mzigo unapimwa, stakabadhi inaandikwa, mkulima anasubiri mnada. Tangu 2024 ufuta umekuwa ukiuzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambamo wanunuzi wanashindana bei mtandaoni badala ya kutumbukiza bahasha sandukuni. Kwa hiyo hata Kilangala, mkoani humohumo, ambako intaneti ilikuwa mambo ya vijana na simu zao, watu wazima sasa wana sababu ya kukijali kile kifaa kidogo kinachowaka taa juu ya kabati: rauta. Na baada ya "bei imefika ngapi?" swali linalofuata huwa "paswedi ya waifai nani anayo?"

Mada hii inalijibu swali hilo kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Kisha inageukia lile ambalo hakuna anayeliuliza.

Nywila ya waifai husahaulika kwa sababu haitumiki. Simu ikishaunganishwa mara moja hujiunga yenyewe kila siku, na mwenyewe hana haja ya kuikumbuka mpaka afike mgeni au simu ife. Kama hakuna aliyebadilisha chochote tangu rauta inunuliwe, jibu limebandikwa tumboni mwake. Mtu akiigeuza ataona karatasi yenye jina la mtandao, pembeni yake pameandikwa SSID, na chini yake nywila yenyewe, ambayo watengenezaji huiita Wi-Fi Key au WLAN Key. Maandishi ni madogo mno. Njia ya busara ni kuyapiga picha kwa simu na kuyakuza, maana sifuri na herufi O zimeshawapotezea watu wengi asubuhi nzima.

Kama iliwahi kubadilishwa, karatasi haisaidii tena, lakini simu iliyounganishwa bado inaikumbuka. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zina kitufe cha kushiriki mtandao ndani ya mipangilio ya waifai. Kikibonyezwa, simu huomba alama ya kidole au namba ya kufungulia, kisha huonyesha mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe. Katika baadhi ya simu nywila huandikwa wazi chini ya mraba huo. Zisipoionyesha, picha ya kioo hicho ikifunguliwa kwa Google Lens itatoa mstari unaoanza na WIFI, na ndani yake, baada ya herufi P na nukta mbili, nywila inasomeka kama ilivyo. iPhone nazo, tangu toleo la 16 la mfumo wake endeshi, la mwaka 2022, zinamwonyesha mwenye simu nywila za mitandao aliyowahi kujiunga nayo.

Kwenye kompyuta ya Windows iliyowahi kujiunga na mtandao huo, karani wa chama anafungua dirisha jeusi la amri, anaandika netsh wlan show profile name="JINA" key=clear, akiweka jina la mtandao wake mahali pa JINA. Majibu yanashuka mistari mingi. Anachokitafuta kiko mbele ya maneno Key Content. Hakuna fundi aliyeitwa, hakuna hela iliyotoka.

Yakishindikana yote, kuna kitundu kidogo nyuma ya rauta kilichoandikwa Reset. Sindano ikiingizwa na kushikiliwa kama sekunde kumi, taa zote huzima na kuwaka upya, na rauta inarudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na ile nywila ya kwenye karatasi. Hapa pana mtego. Rauta ya laini ya simu kwa kawaida inaamka na kuendelea na kazi, kwa sababu mipangilio yake inaisoma kwenye laini. Rauta ya faiba mara nyingi hubeba jina na nywila za akaunti ya mteja, zilizoingizwa na fundi siku ya kufunga huduma. Zikifutika, waifai itaonekana kwenye simu lakini intaneti haitakuwepo mpaka kampuni ipigiwe. Sindano hiyo basi ije mwisho, na isije siku ya mnada.

Wepesi wote huu una upande wake wa pili. Njia zinazomsaidia mwenye rauta zinamsaidia pia yeyote aliyeachiwa kompyuta iliyofunguliwa kwa nusu dakika, au aliyeingia ofisini na kuigeuza rauta wakati karani yuko mizani. Nywila ya waifai ni mlango wa barazani. Hata ukifungwa, wapitao ni wengi. Kinachostahili hofu zaidi ni mlango wa uani.

Rauta ina nywila ya pili. Hii haimuunganishi mtu na intaneti. Inamwingiza kwenye mipangilio ya rauta yenyewe, kwa kuandika anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Rauta nyingi zimeuzwa na jina "admin" na nywila "admin", na zimebaki hivyo. Aliyeingia humo anaweza kubadilisha nywila ya waifai, kumfungia mwenye mali nje, au, jambo baya kuliko yote, kubadilisha anwani za DNS ili mtu anayetafuta tovuti ya benki apelekwe kwingine bila kujua.

Huu si uzushi wa wauza programu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kwa mbinu ya kitoto kabisa: ilibeba orodha ya majozi sitini na kitu ya majina na nywila za kiwandani, ikavijaribu vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti kimoja baada ya kingine. Kamera za ulinzi na rauta kwa malaki ziliitikia. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Novemba 2016 vifaa vilivyotekwa kwa Mirai viliimwagia kampuni hiyo maombi kwa wingi kiasi kwamba intaneti ya Liberia iliyumba. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga Kaye miezi 32. Wenye kamera zile hawakujua kwamba mali yao imeshiriki. Kwa mwambao huu wa Lindi, ambao Mei 2024 ulipigwa na Kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, na siku chache baadaye intaneti ikayumba nchi nzima baada ya nyaya za baharini za EASSy na SEACOM kukatika, si vigumu kuelewa mtandao ukizimika nani anaumia.

Nywila hiyo ya kiwandani ikishabadilishwa, humohumo kwenye mipangilio kuna kitu cha kuzima: WPS, kinachoruhusu kujiunga kwa namba ya tarakimu nane. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta huihakiki namba hiyo nusu kwa nusu, na kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na zile saba. Majaribio milioni mia yakashuka kuwa elfu kumi na moja tu. Pia aina ya ulinzi iwekwe WPA3 au angalau WPA2. Ile ya zamani, WEP, ilivunjwa tangu 2001 na haifai hata kwa duka la vocha. Nywila ya WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63, kwa hiyo hakuna ulazima wa kubaki na namba ya simu ya mwenyekiti. Maneno manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, yanakumbukika na hayabahatishiki.

Vijana wanaotafuta programu za kuvunja waifai ya jirani wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa: faini isiyopungua shilingi milioni tatu, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Na nyingi ya programu hizo, kusema kweli, zinavuna taarifa za simu ya huyohuyo aliyezipakua.

Kwa ofisi, suala la mwisho ni watu. Karani wa msimu akiondoka, nywila zote mbili zibadilishwe siku hiyohiyo, kisha zile mpya ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa pamoja na stakabadhi, si ukutani. Mtandao wa wageni, ambao rauta nyingi zinao, uwashwe kwa ajili ya wakulima na wapita njia, ili kompyuta ya chama ibaki peke yake kwenye mtandao wake. Rauta kuukuu ikiuzwa au kupewa mtu, laini itolewe na sindano ya Reset ipite kwanza. Laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu. Kwa kupiga *106# anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na kama kuna asiyoitambua, aende kwa kampuni husika ikafutwe.