Mtaro Unaishia Wapi? Ujenzi wa Mji, Maji ya Mvua na Mto Lumi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wadau wa maji na mazingira, Mahoo, Taveta



Nimeombwa nieleze jinsi kukua kwa mji kunavyoathiri vijito na mito. Maji ya mvua ninayoyazungumzia ni yale yanayotiririka juu ya ardhi kwa sababu udongo haukuyanywa. Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto huo. Mto Lumi unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Tanzania, unapita kwetu Taveta na kuingia Ziwa Jipe. Kutoka Jipe maji hufuata Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani, kisha Bahari ya Hindi.

Hesabu ni rahisi. Paa la mabati la mita 10 kwa 6, likinyeshewa mvua ya milimita 20, linamwaga lita 1,200. Nyumba 100 za namna hiyo zinamwaga lita 120,000. Kilomita moja ya lami yenye upana wa mita 7 inaongeza lita 140,000 kwa mvua hiyo hiyo. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini na kurudi mtoni polepole, hata wakati wa kiangazi. Mpelelezi Joseph Thomson alipopita Taveta mwaka 1883 aliukuta msitu mnene uliolishwa na maji ya chini ya ardhi. Leo maji yanafika mtoni kwa pamoja, ndani ya muda mfupi, yakiwa yamebeba mchanga, plastiki, mafuta machafu ya gereji na yaliyofurika kutoka vyoo vya shimo. Kiangazi kikija, mto hauna akiba. Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1990 waliona kwamba vijito huanza kuharibika pale ambapo takriban asilimia 10 tu ya bonde imefunikwa kwa paa, saruji na lami.

Nieleweke vizuri. Sipingi lami. Barabara ya Voi hadi Taveta na kituo cha pamoja cha mpakani Taveta na Holili, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, vimetuletea biashara tuliyoililia miaka mingi. Ndizi na nyanya zetu hazilali tena njiani kwa sababu ya matope. Ninachouliza ni kimoja, na nimekiuliza katika kila kikao nilichoalikwa: mtaro unaishia wapi?

Tazameni ramani yoyote ya barabara. Utaona mtaro wa pembeni, utaona kalvati, halafu utaona mshale mdogo unaoelekea shambani kwa mtu. Pale penye mshale ramani imekwisha, lakini maji hayajaisha. Maji yaliyokusanywa kutoka pande mbili za barabara, yakaongezwa ya stendi na ya mapaa ya maduka, yanatoka kwenye mdomo mmoja wa saruji kwa nguvu ambayo udongo wetu mwepesi hauwezi kuihimili.

Kuna mdomo mmoja ninaoufuatilia. Sitataja mahali, kwa kuwa mwenye shamba hajaniruhusu. Msimu wa kwanza palikuwa na ufa ambao mtoto angeuruka. Nikaanza kuupima kwa kamba yenye mafundo kila baada ya masika. Leo ni korongo: ng'ombe akitumbukia hatoki mpaka watu waitane. Migomba ya ukingoni imekwenda. Udongo wote uliotoka pale umelala kwenye mto, na mto uliojaa mchanga haubebi maji, unayatapika kando. Ndipo tunasema Lumi imefurika, tunagawiwa unga na mablanketi, tunangoja mwaka mwingine.

Niliandika barua kwa ofisi tatu kuhusu mdomo huo. Ofisi ya kwanza ilijibu kwamba mipaka yake ni hifadhi ya barabara. Ya pili ikasema haikujenga mtaro ule, hivyo haina bajeti ya kuutunza. Ya tatu ikasema kazi yake ni mto, na maji yale bado hayajafika mtoni. Sisemi haya kumlaumu yeyote. Kila ofisi ina sheria yake, na maofisa wengi niliokutana nao ni watu wema. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na barabara kuu linaipa serikali ya kitaifa. Sheria ya Maji ya 2016 inaiweka mito chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini mita mia mbili zilizopo kati ya kalvati lile na mto hazina mwenyewe, na huko ndiko shamba linakoliwa.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Dar es Salaam walijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaifuata humo. Kwetu, Ziwa Jipe linazidi kujaa tope na magugu, huku wavuvi wa nchi mbili wakilitegemea.

Napendekeza, kwanza, pasipitishwe mchoro wowote wa barabara, soko au jengo kubwa usioonyesha maji yanafika mtoni kwa njia gani. Mdomo wa kila mtaro uwekewe mawe ya kuvunja nguvu ya maji na gabioni pale penye mteremko, na gharama hiyo iwe ndani ya mkataba wa mkandarasi, isiachiwe mwenye shamba. Kaunti, mamlaka za barabara na mamlaka ya maji zitie saini hati moja inayosema nani anatunza kipande kipi. Shule, makanisa, misikiti na maduka yavune maji ya mapaa, maana tangi la lita 10,000 ni lita 10,000 zisizofika kwenye korongo. Gereji ziwe na shimo la kunasa mafuta. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua, na takataka zake zisirundikwe ukingoni zikarudi humo humo. Kanuni za mazingira zinazokataza kulima na kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka kingo za mto zisimamiwe kwa mkubwa na mdogo, na mipaka hiyo ipandwe miti. Na narudia jambo moja, kwa sababu nimechoka kulisema na bado halijafanywa: kila mtaro uwe na mwisho unaojulikana, na mwisho huo uwe na mwenyewe.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba kabla ya hapo afisa wa barabara, afisa wa kaunti na afisa wa maji watenge siku moja, tutembee kwa miguu pamoja na mwenye shamba, kutoka kwenye kalvati hadi mtoni.