Mzazi Asiachwe Peke Yake

Ndugu wazazi wa Kibaha na Kisarawe,

Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa Kibiti, humu humu mkoani mwetu Pwani. Oktoba mwaka huo uasi ulizuka Cabo Delgado, nchini Msumbiji, na baadhi ya vijana wa Kitanzania wakavuka Ruvuma kuufuata.

Kila aliyekwenda aliacha mzazi. Jirani akiuliza, mama hujibu, "Yuko safarini, anatafuta maisha." Tusiharakishe kumwita mwongo, anaogopa. Anawaogopa polisi, na sisi anatuogopa zaidi: tutaacha kumsalimu, binti yake hatachumbiwa.

Basi tumfikie mapema, wakati kijana ndiyo kwanza anaanza kuwadharau wazee wake na kususia maziko ya majirani. Wakati huo mjomba bado anaweza kumwita barazani, naye akaja.