Kwa Nini Picha Huvunjika Penye Patashika



Jumamosi moja nilikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, tukitazama mpira. Kipindi chote cha kwanza picha ilikuwa safi. Mara mvua kubwa ikashuka kule uwanjani. Nyasi zikageuka mabaka, nyuso za mashabiki zikawa miraba mitupu, na mpira ulipopigwa langoni hakuna aliyeuona ukiingia. Kelele zikaanza. Mwenye kibanda akapanda juu ya paa kugeuza antena, akashuka na jasho, na miraba iko pale pale. Leo nataka kumtetea. Kosa halikuwa la antena yake.

Tuanzie redioni. Mtangazaji wa mpira hasemi kila sekunde kwamba milingoti ya goli bado imesimama na jukwaa bado liko mahali pake. Hayo msikilizaji anayo kichwani tayari. Yeye husema kilichobadilika tu: mpira umetoka kwa beki wa kulia, umekwenda kati. Picha ya televisheni ya dijitali nayo hutangazwa hivyo hivyo.

Hakuna njia nyingine. Picha moja ya kiwango cha juu ina upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24, na picha zikipita 25 kwa sekunde, mzigo unazidi biti bilioni 1.2 kila sekunde. Stesheni hugawiwa biti milioni chache tu. Kwa hiyo mtambo wa kurushia huikata picha katika miraba midogo. Katika mfumo wa MPEG-2 wa miaka ya 1990, mraba mmoja ni nukta 16 kwa 16. Mtambo hutafuta mraba huo ulikuwa wapi katika picha iliyopita, kisha hukiagiza king'amuzi chako: chukua kipande kile, kisogeze nukta kadhaa kulia na kadhaa chini. Halafu hutuma masahihisho, pale makisio yalipokosea.

Kutafuta nako kuna gharama. Ukitafuta umbali wa nukta saba kila upande, kuna mahali 225 pa kupima kwa mraba mmoja tu. Mwaka 1981 ilitolewa mbinu ya hatua tatu: pima kwanza mahali tisa palipoachana, sogea palipofanana zaidi, punguza nafasi, rudia. Hesabu hushuka hadi 25. Ni kama mtu anayemtafuta mbuzi wake: huuliza kwanza mtaa, halafu kichochoro, halafu nyumba. Mfumo wa H.264 wa mwaka 2003 hutumia pia ujanja mwingine, wa kukisia mwendo wa mraba kwa kutazama majirani zake. Basi likipita barabarani, miraba yake yote huenda pamoja. Ukijua mmoja unakwenda wapi, umeijua mingi.

Lakini mvua haiendi kama basi. Kila tone lina njia yake, na tone lililokuwapo katika picha iliyopita halipo tena katika hii. Mawimbi, moshi, moto na umati unaotawanyika ni vivyo hivyo. Hapo mtafutaji wa hatua tatu hupotea njia, majirani hawamsaidii, na masahihisho hukaribia kuwa picha nzima. Biti zikiisha, mtambo hupunguza masahihisho, na miraba hubaki wazi. Sisi watangazaji tuna neno letu la dharura: patashika, nguo kuchanika! Ukitusikia hivyo, ujue tumeshindwa kueleza nani kampiga nani. Miraba ile ni patashika ya mtambo.

Wataalamu hawakulala. H.264 yaweza kugawa mraba hadi nukta 4 kwa 4. Mfumo wa VVC wa mwaka 2020 hukisia hata kitu kinachozunguka au kinachokua kwa kusogelewa na kamera. Lakini bado hakuna hesabu inayojua tone lijalo litadondoka wapi. Dawa ya patashika ni kuipa biti zaidi.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi na kuwa letu sote. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Faida iliyotajwa sana ni kwamba masafa yaliyobeba stesheni moja sasa hubeba nyingi. Ni kweli. Lakini sufuria ni ile ile, na wageni wameongezeka. Ipo mitambo inayogawa kwa busara: stesheni yenye msomaji wa habari aliyetulia hupunguziwa, yenye mpira huongezewa. Stesheni zikijazwa kupita kiasi, hakuna cha kuongeza. Matokeo yake, kiongozi aliyekaa kitini huonekana hadi vifungo vya koti, na mto uliofurika huonekana miraba. Picha huharibika saa ile ile tunapotaka kuona zaidi.

Kwa hiyo, mtazamaji, kabla hujapanda paa, chunguza. Picha ikiganda na sauti ikakatika, hata penye msomaji aliyetulia, kagua antena na waya. Lakini sauti ikiwa safi, na miraba ikatokea penye maji au umati tu, usihangaike: waliobana picha wamebana mno.

Nao wanaosimamia utangazaji wasihesabu stesheni peke yake. Wapime na picha, tena waipime mvua ikinyesha uwanjani. Mwenye kibanda yule hulipia king'amuzi chake kila mwezi. Anastahili kuliona goli.