Robert Penn Warren: Mshairi, Mhakiki na Mtungaji wa Riwaya



Leo nataka kusema nanyi habari za Robert Penn Warren, mtu wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 24 Aprili mwaka 1905 katika mji mdogo wa Guthrie, jimbo la Kentucky. Watunzi wengi hushika njia moja: huyu ni wa mashairi, yule ni wa hadithi, na wa tatu kazi yake ni kuyapima maandiko ya wenzake. Warren alizishika njia zote tatu. Aliandika riwaya kumi na vitabu vingi vya mashairi, akapewa zawadi kubwa ya Pulitzer mara tatu: mwaka 1947 kwa riwaya, na mwaka 1958 na 1979 kwa mashairi. Hapana mtu mwingine aliyeipata kwa riwaya na kwa mashairi pia.

Lakini mwanzo hakukusudia kazi ya kalamu. Alitaka kuwa ofisa wa manowari. Mwaka 1921 alikuwa amelala chini nyuma ya ua wa miti, na mdogo wake, asijue kwamba kuna mtu huko, akatupa kipande cha kaa la mawe, kikavuka ua, kikampiga jicho la kushoto. Jicho likaharibika, na njia ya bahari ikafungwa. Ndipo akaingia chuo cha Vanderbilt, mjini Nashville, akidhani atasoma kemia. Kumbe mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa John Crowe Ransom, mshairi hodari, na kemia ikasahauliwa upesi.

Mwaka 1934 alikwenda kufundisha katika chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge. Jimbo hilo lilikuwa mkononi mwa Huey Long, aliyekuwa Gavana kwanza, kisha Seneta. Long aliwajengea maskini barabara na kuwapa watoto vitabu vya shule bure. Lakini pia aliwakandamiza wote waliompinga, akalitawala jimbo kana kwamba ni shamba lake. Septemba mwaka 1935 alipigwa risasi mle mle katika jumba la serikali, akafa. Warren aliyatazama hayo kwa karibu, akayachukua moyoni zaidi ya miaka kumi. Kwanza aliyaandika kama mchezo wa kuigiza wenye mashairi, asiridhike nao. Kisha mwaka 1946 ikatoka riwaya iitwayo All the King's Men.

Mtu mkuu wa riwaya hiyo ni Willie Stark, mtoto wa shamba. Hapo mwanzo ni mtunza hazina mdogo wa wilaya, mwaminifu, asiye na neno kubwa. Shule itajengwa, na wakubwa wanataka kumpa kazi hiyo mwenzao mwenye matofali mabovu. Willie anapinga, anaondolewa kazini, watu wanamcheka. Baadaye watoto wanafanya zoezi la kukimbia moto, ngazi ya nje inabanduka ukutani kwa ubovu wa matofali, na watoto wanakufa. Siku hiyo ndipo watu wanamkumbuka Willie. Mimi nilivyosoma, hii ndiyo sehemu kali kuliko zote, maana hapo twaona jinsi mtu mwema anavyopata nguvu. Na kurasa zinazofuata zaonyesha nguvu hizo zikimla polepole.

Anayesimulia ni Jack Burden, mtumishi wa Willie, aliyejifunza historia. Bwana wake anamtuma achimbue siri ya jaji mmoja mzee mwenye sifa njema. Jack anachimbua, anaipata rushwa ya zamani iliyosahauliwa na wote, na jaji anajiua. Ndipo Jack anaambiwa kwamba yule mzee alikuwa baba yake mzazi.

Katika uhakiki jina lake limefungwa pamoja na la Cleanth Brooks, mwalimu mwenzake. Mwaka 1938 walitoa kitabu cha kufundishia kiitwacho Understanding Poetry. Shauri lao lilikuwa jepesi: shairi lisomwe lenyewe, neno kwa neno, kabla ya kuuliza maisha ya mtunzi au kutafuta fundisho la kulichuma kama embe. Kitabu hicho kilitumika vyuoni Marekani kwa miaka mingi, na naona kilistahili.

Sasa nafika penye uzito. Mwaka 1930, akiwa bado kijana, Warren aliandika makala katika kitabu cha waandishi kumi na wawili wa Kusini, na ndani yake alitetea desturi ya kuwatenga watu weusi na weupe. Maneno hayo yalikwisha kupigwa chapa, hayakuweza kurudishwa. Mwaka 1953 akatoa shairi refu, Brother to Dragons, juu ya jambo lililotokea kweli Kentucky mwaka 1811: wapwa wawili wa Rais Thomas Jefferson walimwua mtumwa kijana kwa shoka, kwa ajili ya mtungi uliovunjika. Katika shairi hilo Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, anaitwa kutoka kwa wafu asikie habari ya damu yake mwenyewe. Na Warren akajitia humo yeye pia, awe mmoja wa wanaohojiana.

Mwaka 1956 alitembea Kusini, akasikiliza watu wa pande zote, akaandika kitabu kifupi kinachoupinga ubaguzi. Kisha mwaka 1964 akachukua mashine ya kunasa sauti, akaenda kuwahoji viongozi wa watu weusi, miongoni mwao Martin Luther King, Malcolm X, James Baldwin na Ralph Ellison. Kitabu cha mazungumzo hayo, Who Speaks for the Negro?, kilitoka mwaka 1965, na humo hakuificha ile makala ya ujanani.

Mwaka 1986 alifanywa wa kwanza kuitwa Mshairi wa Taifa la Marekani. Alifariki tarehe 15 Septemba mwaka 1989, huko Vermont. Kanda zile za mazungumzo zimehifadhiwa vyuoni, na mtu aweza kuzisikiliza hata leo: Warren anauliza, kisha ananyamaza, na wenzake wanajibu.