HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: CHUPA MOJA YA MAFUTA



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukaiona siku ya leo. Miaka kumi si haba. Tulipoanza hapa Mbeya mwaka 2015 tulikuwa akina mama wa jumuiya moja tu: wauza viazi, wauza mchele wa Kyela, mama lishe, washonaji, na wengine tuliokuwa na jembe na mikono basi. Benki tulikuwa tunaipita kwa nje. Hisa moja tuliipanga shilingi 1,000, na wapo waliosema hiki ni kikundi cha mdomo, kitakufa kabla ya Krismasi. Krismasi kumi zimepita, na sanduku lile liko pale mezani na kufuli zake tatu.

Tumeombwa tuseme machache juu ya kumtegemea Mungu katika shida za kila siku. Sisi si wahubiri. Elimu yetu wengi wetu ni ya shule ya msingi, na Mchungaji yupo, atatusahihisha. Lakini lipo somo moja tulilolisoma katika jumuiya mara nyingi kuliko mengine, nalo ni habari za yule mama mjane katika Wafalme wa Pili, sura ya 4. Tunaomba tulieleze kama tulivyolielewa sisi akina mama wa sanduku.

Mume wa mama yule alikuwa mcha Mungu, akafa akaacha deni. Mdai akaja, akataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mama akamlilia nabii Elisha. Sasa angalieni, akina mama. Elisha hakutoa fedha mfukoni, wala hakumwambia arudi akalale, eti Mungu atajua. Alimwuliza nyumbani mwake kuna nini. Mama akajibu hana kitu, ila mafuta kidogo chomboni. Akatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena vingi. Akajifungia ndani na wanawe, akamimina, na vyombo vilipokwisha mafuta nayo yakakoma. Mwisho akaambiwa ayauze, alipe deni, na kitakachobaki wale yeye na watoto.

Kwanza, tumejifunza kwamba Mungu alianza na kile kilichokuwemo ndani. Sisi tunasema "sina kitu" upesi sana. Mwaka 2016 alikuja mwenzetu mmoja akasema hana mtaji, hana biashara, hana mume. Tukamwuliza anajua kufanya nini. Akasema labda vitumbua tu. Jamani, "labda vitumbua tu"! Mkopo wake wa kwanza ulikuwa shilingi 30,000, akanunua mchele, mafuta, mkaa na chuma cha vitumbua. Akawa anaamka saa tisa usiku, na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na chakula havikuondolewa. Vitumbua ndivyo vilivyobeba hayo yote, na watoto wake watatu wamefika sekondari. Kila siku alimwomba Mungu, na kila siku aliwasha jiko.

Pili, tumejifunza juu ya majirani. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 soko la Sido pale Mwanjelwa liliungua usiku. Wenzetu waliokuwa na vibanda mle walifika asubuhi wakakuta majivu. Mitumba, cherehani, magunia ya mchele, vyote vimekwenda, na mkopo wa kikundi ungali mgongoni. Na mwaka ule tulikuwa tunaomba sana. Hakuna kikao tulichofungua bila sala. Moto ulikuja vilevile. Hatutawadanganya kwamba siku ile wote tuliimba mapambio. Yupo aliyesimama mbele ya wote akauliza, Mungu alikuwa wapi usiku ule? Hakuna aliyemkemea. Tulikaa naye, tukalia naye.

Halafu tukafungua mfuko wa jamii. Walioungua tukawapa kitu cha kuanzia, na marejesho yao tukayasogeza miezi mitatu bila kuongeza riba. Mwenye cherehani mbili akaazimisha moja. Mwenye kibaraza akamkaribisha mwenzake auzie pale. Ndipo tulipoelewa kwa nini yule mama alitumwa kwa majirani. Mafuta yalitoka kwa Mungu, lakini vyombo viliombwa mlango kwa mlango. Na yule aliyeuliza swali lile, ndiye leo anayetuongoza katika sala kila Alhamisi. Hatujui kama alipata jibu. Tunachojua ni kwamba hakuacha kuja, na akiomba siku hizi haombi kwa maneno mengi, lakini tunasikia kwamba anazungumza na Mtu anayemfahamu. Hivyo ndivyo imani inavyokua, ndugu zetu. Haikui kwa siku moja kama uyoga.

Hali kadhalika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zilifungwa kuanzia Machi mpaka mwishoni mwa Juni. Wenzetu waliokuwa wanauza chakula karibu na shule wakakosa wateja. Tulikaa mbalimbali uwanjani, ndoo ya maji na sabuni pembeni, na hakuna aliyegusa sanduku kabla ya kunawa. Wiki nyingine mtu alileta hisa moja tu. Tuliipokea na kuiandika kwa heshima ileile.

Tatu, yule mama alilipa deni. Muujiza ule haukulifuta. Hapa tuseme wazi kidogo, maana leo tuko nyumbani. Siku hizi lipo neno linalotumika vibaya, nalo ni "namwachia Mungu". Mtu amekopa, siku ya marejesho haonekani, akiulizwa anasema Mungu atafanya njia. Ni kweli, Mungu hufanya njia, lakini na simu ipokelewe! Daftari si upungufu wa imani. Kufuli tatu zenye washika funguo watatu hazina maana kwamba tunashukiana wizi. Zinamlinda mshika funguo mwenyewe asije akajaribiwa. Aidha, kikundi chetu kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Tunaomba kwa magoti, na hesabu tunazisoma kwa sauti kila mtu asikie.

Ndugu zetu, katika habari ile yupo mtu mmoja ambaye hatumzungumzii sana. Ni yule mdai aliyekuja kuchukua watoto.

Wapo wanachama wenzetu wawili ambao leo hawapo hapa. Majina hatutayataja. Walibanwa, wakaingia katika mikopo hii inayoitwa kausha damu, ya kurejesha kila siku au kila wiki kwa riba kubwa. Waliposhindwa, wakabebewa vyombo vya ndani mbele ya watoto wao. Na kwetu nako wanadaiwa. Sasa wakituona njiani wanapita upande wa pili. Tumesikia maoni ya baadhi yetu kwamba kabla ya mgao wa Desemba twende na mgambo tukachukue kilichobakia. Hatuwalaumu wenye maoni hayo. Fedha ile ni jasho la watu, wapo waliouza kuku ili wanunue hisa. Katiba yetu inaturuhusu kudai.

Lakini sisi viongozi tumekaa, tumeomba, na tunaleta pendekezo hili. Waende kwanza akina mama wawili kwa kila nyumba, na sukari na sabuni mkononi, bila mgambo na bila barua. Wakae nao. Wawaulize kama Elisha alivyouliza, nyumbani mna nini? Kama kuna jembe, kama kuna ujuzi wa kusuka au kupika, tuanzie hapo. Deni hatulifuti, maana hata mjane yule alilipa. Litalipwa, hata kama ni shilingi 1,000 kwa wiki, na litaandikwa. Ila godoro wanalolalia watoto hatulibebi.

Katika habari ile wapo majirani wenye vyombo, na yupo mdai mlangoni. Kikundi hiki kilizaliwa katika jumuiya ya maombi. Nacho kinaweza kuwa yeyote kati ya hao. Tutapiga kura Alhamisi ijayo saa kumi jioni. Kila mwanachama ana kura yake moja, na hatutamlazimisha mtu. Tunaloomba ni kwamba kila mmoja aje akiwa ameliombea jambo hili, na akiwa amewakumbuka wale wawili kwa majina yao.

Kwa wageni wetu, tunawashukuru kwa viti, kwa turubai, kwa sufuria mlizotuazima leo. Navyo ni vyombo vya majirani! Leo hatuombi fedha. Ombi letu ni moja: Mheshimiwa Mgeni Rasmi atusaidie tumpate afisa maendeleo ya jamii aje kutufundisha, sisi na mabinti zetu, namna ya kusoma mkataba wa mkopo kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Mama mwenzetu akiuelewa mkataba kabla ya kuusaini, hatatuhitaji tumliwaze baadaye.

Tunamaliza kwa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii kumi. Hisa zao zilifika kwa watoto wao, shilingi kwa shilingi. Mungu aliyetutunza kwa kidogo tulichokuwa nacho mwaka 2015 hajahama. Akina mama, Alhamisi tusikose.

Mungu awabariki sana.