Kabla ya Kuipiga Windows



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa kompyuta, nao ni ule wa kurudia. Sisemi juu ya kompyuta iliyokufa. Iliyokufa haina utata: utaipeleka kwa fundi, utatajiwa bei, utalipa au utaiacha. Nasema juu ya ile laptopu inayowaka vizuri, ikafanya kazi Jumatatu na Jumanne, Jumatano ikaleta kituko, ikarekebishwa, ikakaa siku nne, kisha kituko kile kile kikarudi. Leo saa imerudi nyuma. Kesho tovuti hazifunguki. Keshokutwa unaamuru barua ichapwe, na karatasi inatokea kwenye printa ya chumba cha pili, wakati wewe ulishachagua ya kwako mara tatu. Mwenye mali anaanza kusema ina virusi, na wako wanaosema ina mkono wa mtu.

Mijini kwetu ugonjwa huu una dawa moja maarufu: "Ipige Windows." Yaani fundi afute kilichomo na kuweka mfumo upya. Ni dawa ya haraka, haihitaji maswali mengi, na mteja anaondoka na mashine iliyo nyepesi kama mpya. Mimi sina ugomvi na mafundi wetu. Wengi wamejifunza kazi kwa mikono yao, na wanaijua. Ugomvi wangu ni na dawa moja kwa magonjwa yote, hasa dawa ambayo, pamoja na ugonjwa, inaweza kuondoka na mali za mgonjwa.

Namfahamu mama mmoja wa hapa Dar es Salaam, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Laptopu yake ni ya mtumba, na betri yake kubwa ilichoka zamani, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa tu imechomekwa ukutani. Kila baada ya siku chache tovuti ya benki ilikuwa inakataa kufunguka. Yalitokea maandishi ya kutisha, kwamba mawasiliano si salama na huenda kuna watu wanataka kumwibia. Barua pepe nayo vivyo hivyo. Akaipeleka kwa fundi, ikapigwa Windows, ikapona. Baada ya wiki ikaumwa. Ikapigwa tena. Mara ya tatu palikuwa na msongamano dukani, kijana aliyeipokea hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi, na hesabu za hisa na mikopo za miaka miwili, zilizokuwa ndani ya mashine hiyo peke yake, zikafutika.

Fedha za watu si mchezo, wasikilizaji. Kikundi kile kina mama lishe, makondakta na walimu. Katika mkutano uliofuata mwanachama mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama hesabu zimepotea au zimepotezwa. Swali la namna hiyo likishatamkwa halirudi mdomoni. Mama yule alikaa wiki tatu akikusanya stakabadhi kwa kila mwanachama na kuziandika upya, watoto wake wakimsomea tarakimu usiku. Na mashine yenyewe, baada ya kupigwa mara tatu, ilikuwa bado inaumwa.

Nilimwomba jambo moja tu: atafute daftari la shule, na kila kituko kinapotokea aandike tarehe, saa, na kilichotangulia. Si kile alichokuwa anafanya wakati ule pekee, bali kilichotokea kabla yake. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na mistari mitano, na yote ilimwelekeza mtu mmoja. Umeme ulikatika mchana. Umeme ulikatika usiku. Umeme tena. Alichomoa waya ili ahamishe meza. Umeme.

Hapo mambo yakawa wazi. Ndani ya laptopu nyingi, hasa za zamani kidogo, kuna kijibetri cha duara mfano wa kifungo cha koti, chenye volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na kutunza mipangilio ya awali ya mashine wakati hakuna umeme. Kijibetri kile kikifa, na betri kubwa nayo ikiwa imechoka, basi kila umeme ukikatika mashine inasahau siku. Inaamka ikidhani tuko miaka kadhaa nyuma. Sasa tovuti ya benki ina cheti cha utambulisho, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2015, ikionyeshwa cheti kilichotolewa juzi, inakiona kuwa bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Imetimiza wajibu wake, kama askari wa getini aliyepewa kalenda ya zamani. Kila Windows ilipopigwa, saa ilirekebishwa papo hapo, na ugonjwa ukatulia mpaka umeme ukatike tena. Ndiyo maana dawa ilionekana inafanya kazi. Kijibetri kilibadilishwa kwa bei ya sahani ya wali maharage, na benki ikafunguka.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu lina kanuni ndani yake. Mpangilio ukirudi ulikotoka, yupo anayeurudisha. Kuupanga tena bila kumtafuta huyo ni kudeki sakafu wakati bomba linavuja.

Chukueni saa hiyo hiyo, lakini kwa kisa kingine. Windows ikiwekwa kwa haraka mara nyingi hubaki na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Ikiwa kwetu ni saa tatu asubuhi, mashine inaonyesha saa nne za usiku wa jana, au saa tano wakati wa kiangazi chao. Na hapa siingizi ile tofauti ya saa sita kati ya saa za Kiswahili na za Kizungu, maana hiyo tumeizoea. Mwenye laptopu anaisogeza saa kwa mkono. Siku chache baadaye mashine inauliza saa kwenye intaneti, inapewa saa sahihi ya dunia, inaihesabu kwa majira ya California, na kuirudisha kule kule. Mtu anaweza kushindana nayo mwaka mzima. Dawa ni kwenda kwenye orodha ya majira na kuchagua Nairobi, ambayo ni majira yetu pia, kisha kuiacha saa ijipange yenyewe.

Ile printa nayo haina mkono wa mtu. Katika Windows 10 na 11 kuna swichi inayoiruhusu mashine ijichagulie printa ya kwanza, nayo huchagua ile iliyotumika mwisho. Mwenzako akichapa ukurasa mmoja kule kwa jirani kwa laptopu yako, chaguo lako limekwisha. Izime swichi hiyo, kisha chagua printa yako.

Na hizi Windows zilizochakachuliwa? Mara nyingi anayeiweka huzima kinga ya mashine kwa makusudi, kwa sababu kinga ingekitambua kile kiprogramu cha uchakachuaji. Wewe unaiwasha asubuhi, jioni imezimwa. Hapo anayerudisha ni mgeni aliyekaribishwa ndani, na ukiipiga tena kwa flashi ile ile unamkaribisha upya.

Liko jambo lingine ambalo wengi hawaamini mpaka wajaribu. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi ukiziamuru zizimike hazizimiki kabisa. Zinahifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili ziwake upesi, kwa hiyo kasoro iliyokuwamo jana inaweza kuamka nayo leo. Anayeanza upya kweli ni yule anayebonyeza "Restart". Utakuta mtu anaapa kwamba ameizima na kuiwasha mara kumi, naye hasemi uongo, ila mashine haikuanza upya hata mara moja.

Kama hilo halikusaidia, uliza kasoro iko upande gani. Fungua akaunti nyingine ya mtumiaji ndani ya mashine hiyo hiyo, uingie nayo. Kituko kikipotea, basi kimo katika mipangilio yako na si katika mfumo mzima. Au iwashe katika ile hali inayoandikwa "Safe Mode" kwenye kioo, ambayo huacha nje programu nyingi zilizoongezwa. Ikitulia humo, mshukiwe ni mmoja wa walioachwa nje. Waondoe mmoja mmoja, wala usibadilishe vitu vitano kwa mpigo, maana ikipona hutajua ni kipi kilichoiponya. Tarehe 19 Julai 2024, sahihisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na mashirika ya ndege yakafuta safari. Mashine zilikuwa zinawaka, zinaanguka, zinawaka tena. Nyingi ziliponywa kwa kuingia katika hali hiyo hiyo na kufuta faili moja. Windows zao hazikupigwa upya.

Sikatai kwamba upo wakati wa kuipiga. Virusi vikitapakaa, ipigwe. Ukibadilisha diski, mara nyingi ndiyo njia inayotumika. Na Windows 10 ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi itawabidi wahame. Lakini mafaili yakiwa yanaharibika kila mara, diski yenyewe ipimwe kwanza, kwa sababu diski inayokufa itaimeza Windows mpya kama ilivyoimeza ya zamani.

Basi ukimfikia fundi, mpe daftari lako na umuulize ni nini kinachoirudisha kasoro. Akisema virusi, muulize ni virusi gani na ameviona wapi. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mgonjwa anayejieleza.

Kuna namba moja pia ya kutafuta kabla mtu hajagusa mipangilio ya awali ya mashine. Laptopu nyingi za sasa zimefunga diski kwa ufunguo wa siri wa tarakimu 48, na mwenyewe hana habari. Mipangilio ile ikibadilishwa, mashine inaweza kuudai ufunguo huo, na usipokuwa nao mafaili yatabaki humo kama fedha ndani ya kasha ambalo ufunguo wake umezama baharini. Mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi, karatasi ibaki nyumbani.

Halafu nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au flashi, uichomeke kwenye kompyuta ya jirani, ufungue faili mbili tatu usome kilichomo. Nimeona flashi zilizobebwa kwa uangalifu mkubwa hadi Kariakoo, na ndani yake mlikuwa na vijia vya mkato vitupu, faili zenyewe zimebaki kwenye mashine iliyokwisha kufutwa.