Picha ya Kipaimara na Maandishi ya Nyuma

Katika picha zilizokusanywa kwa ajili ya jubilei hii imo moja ya vijana wa kipaimara wa mwaka 1963, mwaka ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja nchini. Wavulana wamepangwa kulia, wasichana kushoto. Hakuna anayecheka, zamani zile kupigwa picha hakukuwa jambo la mzaha.

Nyuma yake, kwa wino uliofifia, pameandikwa: "Ukumbusho. Usinisahau." Jina hakuna.

Bibi aliyeileta alipoulizwa alinyamaza kitambo, kisha akaweka kidole juu ya kijana mmoja wa safu ya nyuma. Alikuwa na miaka 16 alipopewa picha ile njiani, mbele ya mdogo wake, kwani wawili hao hawakuthubutu kusimama peke yao. Barua zao zilipita ndani ya kitabu cha nyimbo. Lakini posa ilitoka nyumba nyingine, na wazazi wakaipokea. Akaolewa, akalea watoto, akamzika mumewe kwa heshima. Miaka yote hiyo picha ilikaa sandukuni chini ya kanga, na mume alijua. (Wazee wa kale hawakuwa wajinga kama vijana wa leo wanavyodhani.)

Aliruhusu habari hii isimuliwe, ila yeye asitajwe. Kisha akaomba kalamu, akaandika majina ya vijana wote safu kwa safu, maana walio hai wamebaki watatu. Jina la kijana yule aliliandika la mwisho, kwa herufi zilizo sawa na za wengine.